Safari ya Makorongoni Iliyoniacha Njia Panda

Simu ilipolia nilikuwa barazani kwangu hapa Tanga nachambua mchicha. Alikuwa binti wa mdogo wangu, yule aliyebaki Korogwe. Akaniamkia shikamoo mama mkubwa, kisha akasema, "Yule mzee dereva, jirani yenu wa zamani pale Manundu, amefariki. Anazikwa leo kwao Sindeni, baada ya alasiri."

Nilicheka. Sina sababu ya kukuficha, rafiki yangu. Nilicheka mpaka mchicha ukamwagika. Yule binti akaniuliza, "Mama mkubwa, umenisikia kweli?" Nikamwambia nimemsikia vizuri sana, na wasithubutu kumtoa marehemu nyumbani kabla sijafika. "Waambie mtani wake yuko njiani," nikasema. Nikaingia ndani, nikavuta sanduku kutoka uvunguni, nikatoa kamba ya katani niliyoisokota mwenyewe mwaka niliostaafu uuguzi. Nilikuwa nimeiweka kwa ajili ya siku hiyo hiyo.

Ngoja nikueleze vizuri, maana vijana wa siku hizi ukiwatajia utani wanadhani ni kuchekeshana tu. Sisi ni Wanyamwezi. Babu yangu aliletwa Korogwe kukata mkonge, akafia huko huko, na baba yangu naye akaukata huo huo mkonge mpaka mapafu yakamshinda. Majirani zetu walikuwa Wazigua, na Mnyamwezi na Mzigua ni watani toka enzi za misafara ya miguu. Mtani anakuchukulia chakula chako ukimtazama. Anakutukana mbele ya wakwe. Ukifiwa, anakuja kulala juu ya kitanda cha marehemu na kudai chake, na hatoki mpaka apewe. Na wewe huruhusiwi kukasirika. Hilo ndilo jambo kubwa. Anayemkasirikia mtani anaonekana hana malezi, na wazee watamkemea yeye, si aliyemtania.

Basi sikiliza jinsi nilivyofanyiwa.

Miaka ile ya ujamaa mimi nilikuwa darasa la sita. Nilikaa na bibi yangu Manundu, katika nyumba ya udongo yenye paa la madebe yaliyokunjuliwa, na juu ya paa hilo daima kulikuwa na makopa ya muhogo yanakauka. Asubuhi tuliamshwa na king'ora cha kiwanda cha katani. Halafu treni ya Moshi ikipita, vikombe vilitetemeka kabatini, na bibi alisema kila siku bila kukosa, "Haya, huyo kapita, na wewe pita kuchota maji." Upepo ukitoka upande wa mashambani ulileta ile harufu ya mkonge uliosagwa, chachu kama togwa iliyosahauliwa chunguni. Wageni walikuwa wanaziba pua. Mimi mpaka leo nikiisikia mahali, njaa inaniuma, kwa sababu ndiyo harufu iliyokuja pamoja na bada ya moto, ule ugali wa muhogo, na mlenda wa bibi.

Mama yangu hakuwepo. Baada ya baba kufariki, alihamia kijiji kipya cha ujamaa huko magharibi ya Handeni, ng'ambo ya nchi ya makorongo, akawa analima shamba la pamoja. Aliniacha kwa bibi ili nisome, maana kule shule ilikuwa bado ni miti na kivuli. Alisema angekuja kuniona. Lakini basi halikufika huko, barabara iliishia njiani, na lori la mbegu lililokwenda mara moja moja halikuchukua abiria wa kurudi. Nilimwona mara ya mwisho nikiwa darasa la tatu. Nilikuwa nimeanza kuisahau sauti yake. Uso niliukumbuka, lakini sauti ilikuwa inanitoka.

Ndipo akaja mwalimu wa jiografia. Kijana mrefu, suruali za bwanga zenye miguu mipana, ametoka Jeshi la Kujenga Taifa na hajui kukaa. Siku moja akatutoa darasani, akamwaga majivu uwanjani, akachora wilaya nzima ya Handeni. Akasema likizo ya Juni tutafunga safari ya kambi. Tutapita Sindeni, tutapita Handeni mjini, kisha tutaiacha barabara kabisa na kuingia makorongoni, ambako maji ya mvua yamechimba ardhi nyekundu hadi ikasimama kama kuta za ghorofa, na chini ni mchanga mtupu na miiba ya migunga. "Huko gari linajichagulia njia lenyewe," akasema. "Tutalala chini ya turubai, tutapika wenyewe. Na tutawatembelea ndugu zetu wa vijiji vipya." Akachukua kijiti akachoma shimo kwenye majivu, ng'ambo ya makorongo, akataja kijiji.

Kilikuwa kijiji cha mama. Nilipiga kelele. Wenzangu walidhani nimeumwa na siafu.

Kuanzia siku hiyo sikuwa na akili nyingine. Nafasi hazikuwatosha wote. Landrova ilikuwa moja tu, kuukuu, ya mashamba ya mkonge, na tela lake. Mwalimu akasema watakaokwenda ni wale watakaoifanyia kazi safari, na kazi yenyewe ilikuwa si mchezo. Kamati ya chakula ilianika makopa, ikakaanga karanga na mahindi, ikachambua mawe kwenye dagaa. Kamati ya maji ilikusanya vibuyu na madebe, ikaviloweka na kuvipima kama vinavuja. Wengine walishona magunia ya katani yakawa mahema, tukalala ndani yake uwanjani siku ya majaribio, tukaamka tumewashwa mwili mzima kama tuliopakwa upupu. Mwalimu akacheka akasema afadhali tumejua mapema. Magunia yakarudishwa, yakatafutwa maturubai.

Mimi nilikuwa kamati ya kukwamua gari. Wasichana wengine walikimbilia chakula, lakini mimi nilijua kule mchangani chakula hakifiki kama gari halifiki. Tulikata boriti za mkonge uliokwisha kutoa maua, nyepesi kama nini, za kutandika chini ya magurudumu. Na kamba ilikuwa kazi yangu. Tuliokota katani iliyodondoka pale inapoanikwa, nikaisokota kwenye paja langu kila nikitoka shule, singa kwa singa, mpaka paja likachubuka. Bibi alinipaka mafuta ya nazi huku akinisema. "Mbona unajichuna ngozi kwa ajili ya gari la watu?" Nilimwambia si la watu, ni la mama. Jioni ile na yeye alikaa mkekani, akakunja khanga, akasokota upande wake, na ndiyo maana kamba ile ilikuwa na misokoto ya aina mbili, wangu uliokaza na wake uliokaza zaidi.

Tulijifunza pale kwenye mchanga wa Mto Pangani. Dereva aliizamisha Landrova makusudi, sisi tukatandika boriti na kufunga kamba. Kama hakuna mti wa kufungia, unachimba shimo, unafukia gurudumu la akiba, unafunga kwenye hilo, kisha mnavuta wote. Wavutaji waliimba, mimi nikasimama kwenye kamba kuangalia inapolegea. Siku gari lilipotoka mchangani, yule dereva alishuka akanipa mkono. "Haya Mnyamwezi," akasema, "leo nimekubali. Ninyi mmeumbwa kwa mizigo." Nikamjibu kama nilivyofundishwa kumjibu mtani: "Na ninyi mmeumbwa kula bada na kulala." Wote wakacheka, na yeye akacheka kuliko wote.

Ndiye huyo marehemu. Jirani yetu, ukuta kwa ukuta. Mtu wa vichekesho, mpenda watu, hakuna aliyemchukia pale Manundu. Nakuambia hili ili usidhani alikuwa na pembe kichwani. Alikuwa na mtoto wa kiume darasani kwetu, mvivu wa kutupwa. Hakuanika, hakushona, hakuvuta. Alionekana siku ya kuonja karanga. Mwalimu alipotaja majina ya wasafiri, langu lilikuwa la kwanza na lake halikuwepo. Yule mtoto alilia mbele za watu. Baba yake alikuwa anafuta kioo cha gari. Alifuta mahali pale pale muda mrefu.

Siku moja kabla ya safari dereva akaja kwetu. Bibi alikuwa anapepeta. Wakataniana kidogo kama kawaida, akachovya kidole kwenye chungu cha bibi, akaiba kipande cha samaki. Kisha akanigeukia. "Mtani, nipe hiyo kamba niipakie leo, kesho tusihangaike. Na wewe usijisumbue kuja mpaka shuleni na mzigo wako. Alfajiri mimi napitia kiwandani kujaza mafuta. Kaa pale njia panda ya mkonge, kwenye karavati. Nitakupitia."

Nilimpa kamba. Nilimshukuru!

Alfajiri bibi alinisindikiza. Nilikuwa nimevaa gauni la Idi, na kichwani furushi lenye blanketi, chumvi ya mama, khanga moja mpya ambayo bibi alimtumia, na daftari langu lenye vema nyingi ili mama azione. Tukakaa juu ya karavati, lile daraja dogo la mtaro. Umande ulikuwa umelowesha mkonge kushoto na kulia, mistari imenyooka mpaka macho yanaishia. King'ora kikalia. Treni ikapita mbali. Wakataji wakatupita na mapanga yao wakatusalimu, na saa ya mapumziko wakatupita tena wakatukuta palepale. Bibi akasema labda gari limeharibika. Jua lilipokuwa utosini akasema turudi. Nilikataa. Nilisema akinipitia halafu asinikute itakuwaje? Nilikaa mpaka jua likaanza kushuka, na bibi akakaa na mimi, bila kula, mzee wa watu, akinifunika kichwa kwa upindo wa khanga yake.

Gari lilikuwa limeondoka shuleni asubuhi ile ile kwa barabara kubwa. Halikupita kiwandani wala halikuwa na haja ya kupita. Dereva alimwambia mwalimu kwamba bibi yangu amenikatalia, kwamba hataki mtoto wa kike alale porini. Na mtoto wake alikuwepo pale, rafiki yangu, na begi lake limekwishafungwa. Akapewa kiti changu.

Walirudi baada ya wiki, wekundu kwa vumbi toka nywele hadi kucha, wanaimba. Mwalimu alikuja moja kwa moja kwetu, kabla hata ya kuoga. Alikuwa amekuja kumgombeza bibi kwa heshima, maskini, na alipomkuta ananitazama na mimi natazama chini, akaelewa kwamba alidanganywa. Alikaa kwenye kigoda akashika kichwa. Alitueleza kwamba walikwama kwenye korongo la pili, mchanga umefika kwenye ekseli, na kamba yetu ndiyo iliyowatoa. Alieleza kwamba walipofika kijijini, mama yangu alikuwa amekwisha kusikia kwamba shule ya Korogwe inakuja, akatoka mbio toka shambani na jembe mkononi. Akalizunguka gari. Akafunua turubai la tela, akaangalia chini yake. Akalizunguka tena. Mwalimu alikuwa ameshikwa na wenyeviti na hotuba, hakupata kuongea naye mpaka wakati wa kuondoka, na hapo mama alimpa kibuyu cha asali na maneno haya tu: "Mwambie asome. Asome tu."

Maneno hayo nimeishi nayo. Nilipochoka chuo cha uuguzi nilijiambia, asome tu. Nilipofiwa na mume nikarudi kazini baada ya arobaini, nilijiambia hayo hayo. Ile asali tuliitumia kidogo kidogo, na bibi alipokisuuza kibuyu mara ya mwisho, maji yake alinipa mimi niyanywe.

Kesho yake bibi alinishika mkono tukaenda kwa dereva. Alikuwa kibarazani na wanaume wenzake. Bibi akamuuliza kwa upole kwa nini alimfanyia mtoto vile. Akacheka! Akapiga paja. "Ah, bibi nawe! Si utani tu? Mnyamwezi kasimama njia panda anangoja gari toka alfajiri, na furushi kichwani!" Wale wanaume wakaangua kicheko. Na bibi yangu akacheka pia. Alicheka kwa sababu mila inataka ucheke. Tulipofika nyumbani alichukua mchi, akatwanga kinu ambacho hakikuwa na kitu ndani. Alitwanga mpaka jirani mmoja akaja kuchungulia. Halafu akaniambia, "Mtani hashitakiwi, mjukuu wangu. Lakini na wewe ni mtani wake. Hilo wasikusahaulishe."

Mama alifariki masika yaliyofuata, kwa homa. Dereva wa lori la mbegu ndiye aliyetuletea habari, na wakati huo kaburi lilikuwa limekwisha kuota majani. Hapakuwa na safari nyingine. Mwalimu alihamishwa, Landrova ikavunjika ekseli, na maji ya masika yale yakayapanua makorongo.

Ungedhani yule mtu angeona aibu. Wapi! Kila tulipokutana, nikiwa msichana, nikiwa mke wa mtu, nikiwa na sare yangu nyeupe ya hospitali, aliita toka mbali, "Mtani! Gari bado?" Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Siku ya harusi yangu alisimama mbele ya wakwe akasimulia kisa kizima, na karavati, na furushi, na gauni la Idi. Ukumbi ulivunjika mbavu. Nilicheka na vipodozi vyangu vikiwa usoni. Mwili ulikuwa unaniwaka, nakwambia, lakini nilicheka, nikamwomba Mungu ampe huyo mzee maisha marefu kisha anipe mimi marefu zaidi.

Na Mungu akasikia.

Nilifika Manundu wakati wanajiandaa kumtoa. Nikavua viatu, nikapita katikati ya watu, nikaifunga kamba yangu mlangoni toka fremu hii hadi fremu ile. "Hatoki mtu!" nikasema. "Huyu ana changu!" Wazee wakatabasamu; walikuwa hawajaona mtani wa namna hiyo siku nyingi. "Karibu mtani," mmoja akasema. "Sema unataka nini, tumzike ndugu yetu." Nikasema, "Nataka kiti changu cha gari. Namdai tangu alfajiri ile, hajanipitia mpaka leo!" Wakacheka wale wanaokikumbuka kisa. Vijana wakatoa simu zao wakaanza kunipiga picha. Nikasikia mmoja anauliza, "Huyu bibi ni nani, mbona anavuruga msiba?"

Mtoto mkubwa wa marehemu, yule yule aliyepewa kiti changu, alikuja akasimama mbele yangu. Sasa ni mzee mwenye mvi, ana duka la vifaa vya ujenzi pale Korogwe, mtu wa heshima, amepangwa kuingia kaburini kumpokea baba yake. Nilimvua kofia. Nikamvua viatu, nikamtoa simu mfukoni. Hakubisha, mtani akichukua, umechukuliwa. Nikafungua kamba mlangoni, jeneza likapita, nikapanda kiti cha mbele cha gari lililolibeba, na yeye nikamketisha kando yangu kama mtoto. Nikamwamuru kijana aliyeendesha apitie njia ya mashambani, sio barabara kubwa. Siku ya msiba mtani akiagiza njia, inapitwa. Gari la pili, lenye ndugu wengine, likaenda na lami.

Tulipofika kwenye karavati nikasema simama. "Shuka," nikamwambia. "Kiti hiki ni cha mtu mmoja. Gari la nyuma litakupitia."

Alinitazama. Waliokaa nyuma na jeneza walikuwa wanacheka. Akashuka, peku, bila kofia, kwenye changarawe ya moto, na tukaondoka.

Sindeni waliuliza mtoto mkubwa yuko wapi. Sisi tukasema yuko gari la nyuma, gari la nyuma likasema yuko la mbele. Wakasubiri. Mimi nilikaa jamvini na wanawake, viatu vyake mapajani mwangu, nikala karanga. Jua likawa linakwenda, na maiti wa Kiislamu hangojeshwi. Mwishowe mdogo wake ndiye aliyeingia kaburini. Niliposikia wanaume wanarudi wanajipangusa udongo mikononi, nilihisi kitu kikishuka kifuani, taratibu, kama unapotua ndoo ya maji. Bibi yangu angekuwepo ningempigia kigelegele.

Jioni nilipanda bodaboda nikateremka njia panda ya mkonge. Mkonge wenyewe haupo tena pale. Ni kichaka, na minara ya simu, na mahindi ya watu. King'ora kilinyamaza siku nyingi, kiwanda kimebaki kuta. Kijiji cha mama nacho walikihama baada ya ujamaa, kila mtu akarudi kwao, na sijui kaburi lake liko chini ya nini. Nikajiambia kwamba hata utani wenyewe unakwenda. Yule mzee angechelewa kufa kidogo tu, mimi ningeonekana kichaa na polisi wangeitwa. Karavati tu ndilo lililobaki, na juu yake alikuwa amekaa yule bwana, nyayo zake zimevimba.

"Mmekwisha kumzika?" akaniuliza.

"Wamemzika. Mdogo wako kaingia kaburini."

Akaitikia kwa kichwa. Nikamwuliza kwa nini hakusimamisha bodaboda, mbona zinapita.

"Zimepita nyingi," akasema. "Uliposimamisha gari hapa nilijua. Nikasema acha nikae." Alitazama mikono yake. "Dada, kuna kitu sikuwahi kukisema. Hata baba hakukijua. Mama yako, siku ile kijijini, alinishika mimi. Aliambiwa nimekaa kiti chako. Akaniuliza, mwanangu yuko wapi, mbona hakuja? Akanibana mkono, akaniuliza tena na tena. Nilikuwa mtoto. Niliogopa. Nikamwambia hukutaka kuja. Nikamwambia ulisema una masomo, huna nafasi."

Nilisikia bodaboda moja ikipita nyuma yangu.

"Akasemaje?" nikamwuliza.

"Akaniachia mkono. Akaenda kumtafuta mwalimu."

Nilisimama pale. Yeye alikuwa analia, mzee mzima, akasema, "Nisamehe, dada yangu, na baba msamehe." Wala hakuniita mtani. Mila ingekuwa nimwambie tumelipana, tucheke, nimrudishie vyake tuachane kwa heri. Asubuhi ile ningeweza. Hata wakati nateremka bodaboda ningeweza, viatu nilikuwa nimekwisha kuvishika mkononi kumpa.

Nikampa simu, ili awapigie watu wake. Nikampa kofia yake ya msikitini, maana ile ni ya Mungu, haina kosa. Kisha nikageuka nikatembea kwenda mjini, na viatu vyake kwapani.

Nimekwisha kurudi Tanga. Viatu viko uvunguni mwangu, ndani ya sanduku, pale ilipokuwa kamba. Ametuma watu mara mbili kuja kuviomba. Nimewapa chai, nimewapa chakula, nimewaambia wamwambie angoje. Nitampitia.